Kufunga kwa masaa, maradhi ya viungo na tumbo: yaliyonikuta Tuala



Tangu nigusie kwenye safu hii kwamba nafunga kwa ajili ya maradhi yangu, simu haijapumzika. Kuna dada wa Likoni ana lupasi, kuna mzee wa Malindi ana vidonda vya tumbo, kuna binti yuko Muscat na tumbo lake halimpi usingizi. Wote wauliza jambo moja: je, kufunga kunatibu? Jibu fupi ni kwamba tumbo langu limetulia sana, vidole vyangu vimepata nafuu kidogo, na katikati ya hayo mawili nilikaribia kuiaga dunia kwa ujuaji wangu mwenyewe. Jibu refu ndilo hili.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ila tangu 2019 naishi Tuala, kaunti ya Kajiado, kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Kwa asiyepajua, Tuala iko kati ya Ongata Rongai na Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Ni nyanda za Wamaasai zinazomezwa polepole na ploti na mabati mapya. Kiangazi ni vumbi, na mwezi wa Julai kuna baridi ambayo mtu wa Pwani hawezi kusimuliwa akaielewa.

Vidole viliponianza kuvimba, kila mtu aliisingizia hiyo baridi. Mamangu alinipigia simu kutoka Majengo akanambia, "Mwanangu, rudi nyumbani upate jua." Jirani yangu wa Kimaasai, ambaye mimi humwita yeyo kwa umri wake, akaniletea supu ya mbuzi iliyochemshwa na magome ya olkiloriti, mti wa jamii ya mgunga ambao wao huutumia miaka na miaka kwa tumbo na kwa nguvu. Supu ilikuwa tamu kwa uchungu wake, na nilifarijika. Lakini vidole viliendelea kuvimba.

Hapa kuna mchanganyiko wa majina unaotuponza. Sisi tukiumwa na kiungo chochote twasema ni baridi yabisi, au baridi tu. Kumbe chini ya jina hilo kuna maradhi kadhaa yasiyofanana. Kuna kulika kwa viungo kwa umri na uzito, ambako huanza zaidi magotini na nyongani. Kuna jongo, linalotokana na asidi ya yuriki kuganda kwenye kiungo, na ambalo hupenda kuanzia kidole gumba cha mguu usiku wa manane. Na kuna hii yangu, ambapo askari wa mwili wenyewe, yaani kinga, wanaigeukia ngozi laini iliyo ndani ya kiungo na kuishambulia kama kwamba ni adui. Hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hushika pande zote mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, na ina alama moja ambayo naomba kila mtu aishike: ugumu wa asubuhi unaopita saa nzima. Mtu wa magoti yaliyolika akiamka hukakamaa dakika chache kisha hulainika. Mimi mwaka 2021 nilikuwa naamka alfajiri na mpaka saa tatu siwezi kukamua kitambaa cha kufutia meza wala kumfunga mwanangu vifungo vya shati la shule.

Vipimo vya damu vilithibitisha. Nikaanzishiwa methotreksati, dawa inayomezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki siku nyingine. Narudia kwa sababu watu wameumia hapa: mara moja kwa wiki. Ukiimeza kila siku ni sumu.

Tumbo nalo lilikuwa na kesi yake. Kiungulia kila usiku, tumbo kujaa kama ngoma baada ya chakula cha jioni, choo cha kubahatisha. Nilipimwa choo nikakutwa na vijidudu vya helikobakta, vile ambavyo Barry Marshall wa Australia alivinywa kwenye gilasi mwaka 1984 ili kuwathibitishia wenzake kwamba vinaharibu tumbo. Walimcheka. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Mimi nilipewa viuavijasumu aina mbili na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14, na kiungulia kikapungua. Hakikwisha. Kabla hujaanza kufunga kwa ajili ya tumbo, basi, pima kwanza hivyo vijidudu. Kufunga hakuvifukuzi, na mwenye kidonda kibichi atajichubua tu.

Sasa tuje kwenye kufunga kwenyewe. Kwetu si jambo la kufundishwa na mtu wa TikTok. Hata miezi yetu tumeihesabu kwa mfungo: baada ya Ramadhani yaja mfunguo mosi, mfunguo pili, mpaka mfunguo tisa, ndipo Rajabu na Shaabani, tukavunja jungu na kuanza upya. Wako wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, wako wa siku tatu nyeupe za katikati ya mwezi. Majirani zetu wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Watu wa ukanda huu wameujua mfungo kabla ya huko ulaya kuutungia vitabu.

Lakini mfungo wa ibada na huu wa tiba hautaki kuchanganywa. Wa ibada ni mchana, alfajiri hadi Maghribi, bila maji, na kwetu karibu na ikweta ni kama masaa 13 na nusu mwaka hadi mwaka. Huu unaoitwa kufunga kwa vipindi huruhusu maji, chai ya rangi isiyo na sukari na kahawa nyeusi, na mara nyingi masaa yake mengi huangukia usiku ukiwa umelala. Ulioenea zaidi ni wa masaa 16 bila chakula na manane ya kula. Kuna wa 14 kwa 10, ambao ni mwepesi. Na kuna wa siku tano kula kawaida na siku mbili kula robo, ambao Michael Mosley, daktari na mtangazaji wa Uingereza, aliutangaza kwenye televisheni mwaka 2012. Nia nayo ni tofauti. Wa kwanza ni wa Mola, huu mwingine ni wa mwili, na sioni aibu kuyatenganisha.

Wataalamu wanasema nini? Yapo ya kweli na yapo ya WhatsApp.

La kweli: masaa kumi na kitu baada ya mlo, akiba ya sukari iliyo kwenye ini hupungua na mwili huanza kuchoma mafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Cell ulionyesha kwamba watu wenye afya wakifunga kwa chini ya siku moja, aina fulani ya askari wa damu wanaochochea uvimbe hupungua kwenye mzunguko. Kwa maradhi yangu hasa, utafiti unaotajwa zaidi ni wa Norway, uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1991. Wagonjwa 53 waligawanywa. Kundi moja walifunga siku saba hadi kumi kwa supu za mboga na chai za majani, kisha wakala vyakula visivyo na nyama kwa mwaka mzima. Kundi la pili walikula kama kawaida yao. Baada ya wiki nne waliofunga walikuwa na maumivu machache, uvimbe mdogo na mkono wenye nguvu ya kushika, na mwaka ulipotimia bado walikuwa na nafuu.

Nilipousoma nilifurahi, kisha nikausoma mara ya pili. Wagonjwa 53 ni wachache. Walikuwa chini ya uangalizi. Na nafuu iliyodumu ilikwenda pamoja na kubadilisha chakula mwaka mzima, si kufunga peke yake; watu waliofunga kisha wakarudia vyakula vyao vya zamani, maumivu nayo hurudi. Hicho ndicho kipande ambacho video za mitandaoni hazisemi.

La WhatsApp: eti Mjapani alipewa Nobel kwa kugundua kwamba kufunga kunatibu saratani. Yoshinori Ohsumi alipewa tuzo mwaka 2016, ni kweli, kwa kueleza jinsi seli inavyovunja na kutumia tena vipande vyake vilivyochakaa. Aliyachunguza hayo kwenye hamira, hii hii ya mahamri, akiinyima chakula maabarani. Ni elimu kubwa. Lakini hamira haiumwi vidole, na hakuna mahali tuzo ile ilisema ufunge masaa mangapi.

Na kwa upande wa hofu, Machi 2024 huko Chicago, kwenye mkutano wa wataalamu wa moyo wa Marekani, ilitangazwa kwamba watu waliokula ndani ya masaa yasiyotimia manane walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyozidi kwa asilimia 91 kuliko waliokula ndani ya masaa 12 hadi 16. Vichwa vya habari vilitisha. Utafiti wenyewe uliwauliza watu walichokula kwa siku mbili tu, ukawafuata miaka mingi baadaye, kwa hiyo hauwezi kusema kufunga ndiko kulikoua. Pengine wengine walikuwa hawali kwa sababu tayari ni wagonjwa. Mimi niliuchukua kama sababu ya kutokaza kamba sana.

Ila niliuchukua hivyo baada ya kuumia.

Ilikuwa baada ya Ramadhani ya 2024. Daktari alikuwa amenihamishia dawa zangu usiku na nikafunga mwezi mzima. Kufikia kumi la mwisho tumbo lilikuwa jepesi na nilikuwa nafungua mfuniko wa chupa mwenyewe. Nikajiambia, kumbe dawa ndiyo hii. Idi ilipopita nikaona video ya bwana mmoja mwenye misuli na koti jeupe, nikafuata ratiba yake: chakula kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku tu, yaani masaa 18 bila kula. Na kwa kuwa yule bwana alisema dawa zinazuia mwili kujisafisha, nikaacha methotreksati. Sikumwambia mtu. Mume wangu aliniona nameza maji tu asubuhi akadhani ni sitta.

Wiki tatu za kwanza nilijiona shujaa. Nilipungua kilo 4. Wiki ya nne vidole vikarudi kwa hasira kuliko mwanzo, na magoti yakaingia. Nikatuma mtoto duka la dawa, akaja na vidonge vya diklofenaki vilivyofungwa kwenye karatasi, bila swali wala maelezo. Nikavimeza asubuhi na mchana, tumbo tupu, kwa sababu sikutaka kuvunja masaa yangu. Siku ya tisa choo kilikuwa cheusi kama lami na kinanata. Nilikuwa najua, kwa kusoma, kwamba choo cheusi namna hiyo ni damu kutoka tumboni. Nilikaa nacho siku mbili zaidi nikijidanganya kwamba ni mchicha. Siku ya tatu nilianguka nikichota maji kwenye tangi.

Niliongezewa damu painti mbili. Daktari mdogo wa umri, kijana wa kama miaka 30, alikaa kando ya kitanda akaniuliza kwa upole, "Mama, ni nani alikuambia uache dawa?" Sikuwa na jina la kumpa. Naitwa msomi kidogo mtaani, nina diploma yangu, naandikia watu mambo ya kuwashauri, na nilikuwa nimemwamini mtu nisiyemjua kwa sababu ya koti lake.

Dawa za maumivu za aina hiyo, diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake, huondoa utando unaolinda tumbo. Kuzimeza bila chakula, tena siku nyingi, ni kujikaribishia kidonda. Na dawa za kutuliza kinga ukiziacha ghafla, maradhi hurudi na kula kiungo, na kiungo kilicholika hakiotei tena. Wanaotumia prednisoloni wana hatari ya ziada: mwili huzoea kupewa homoni hiyo hata ukaacha kutengeneza yake, na ukikata ghafla waweza kuzimia na kufa. Hii haina mjadala wa kufunga wala kutofunga.

Kidonda kilipopona, baada ya miezi mitatu, nilimwambia bingwa wa viungo kule Nairobi (wako wachache nchini, foleni yake ni ya kubeba chakula) kwamba bado nataka kujaribu. Nilitarajia anifukuze. Alinikubalia kwa masharti: dawa haziguswi, masaa yasizidi 14, uzito usishuke tena, vipimo vya damu kila baada ya miezi mitatu, na kila kitu kiandikwe kwenye daftari.

Basi mtindo wangu ni huu. Chakula cha mwisho ni kabla ya saa moja jioni, mara nyingi mara tu baada ya Maghribi. Chakula cha kwanza ni saa tatu asubuhi. Maji nakunywa wakati wowote. Dawa zinazotaka chakula nazimeza na chakula, na ile ya wiki ni Ijumaa usiku. Siku nikiwa na homa, hedhi nzito au safari ya Mombasa, sifungi. Basi la usiku na tumbo tupu havipatani.

Daftari ndilo lililonifunza kuliko masaa. Kwa watu wetu mlo mkubwa ni wa usiku, na sisi wa Pwani tukishakula tunaongeza chai ya maziwa na kitu cha kutafuna huku tukizungumza, kisha tunalala. Mtu akilala na tumbo limejaa, asidi hupanda. Kuweka masaa matatu kati ya chakula na kitanda kuliondoa kiungulia changu ndani ya wiki mbili. Tena utumbo mtupu una kazi yake ya kufagia: kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili hupita wimbi la misuli linalosukuma mabaki kwenda chini, na wimbi hilo husimama kila unapotia kitu mdomoni. Mimi nilikuwa natafuna kutoka alfajiri mpaka saa nne usiku. Ufagio haukupata nafasi. Gesi ilipungua kwa kuacha kudonoa, na kwa kuloweka maharagwe usiku kucha na kumwaga maji yake. Chapati ikawa ya Ijumaa. Viazi karai na bajia, ambavyo ndivyo vinavyotuharibia futari zetu, nilivihurumia nikavibakisha kwa wageni.

Viungo je? Ugumu wa asubuhi umeshuka kutoka masaa matatu hadi kama dakika 40, na kipimo cha uvimbe kwenye damu kimeshuka. Lakini katika muda huo huo nilirudia dawa na daktari akaiongeza kipimo. Siwezi kuapa kwamba ni mfungo. Nikibanwa niseme, nitasema dawa ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na mfungo umenisaidia kulala vizuri, kupunguza uzito wa magotini na kuivumilia hiyo dawa bila kichefuchefu. Hilo si dogo kwa mtu aliyekuwa haamki.

Wapo ambao nawaomba wasinifuate. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze bila daktari. Utafiti wa EPIDIAR uliofanywa katika nchi 13 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 12,000 ulionyesha kwamba sukari kushuka vibaya huongezeka sana mwezi wa Ramadhani. Kisukari cha utotoni nacho ni maradhi ya kinga kujishambulia, kwa hiyo neno "kinga kujishambulia" lisimfanye mtu adhani sote tu chombo kimoja. Dada yangu wa Likoni mwenye lupasi: ikiwa imegusa figo, kukaa bila maji kwaweza kukuumiza, muulize kwanza daktari wa figo. Wenye utumbo uliojaa vidonda na kuharisha damu mara nyingi tayari wamekonda, na kuwanyima chakula ni kuwazidishia. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na aliyewahi kuwa na maradhi ya kujinyima chakula, hapana. Anayemeza dawa ya tezi la shingo ana nafuu moja tu, kwamba dawa hiyo hutakiwa tumbo tupu nusu saa hadi saa moja kabla ya kula.

Limebaki la Ramadhani, ambalo ndilo lililoniliza. Ramadhani ya 2025 ilipokaribia daktari alinikataza mfungo mkavu, tumbo lilikuwa bado changa. Kula mchana mwezi mtukufu, ndani ya nyumba yangu, wanangu wakinitazama, kulinishinda kuliko damu niliyoongezewa. Nilikuwa najificha jikoni na kipande cha mkate kama mwizi. Najua aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa ruhusa mgonjwa. Nimezisoma tangu chuoni. Kujua na kukubali ni vitu viwili. Mamangu ndiye aliyenikata kauli kwa simu: "Mola kakuruhusu, wewe wajitilia ukali wa nini? Au wajua kumshinda Yeye?" Nikanyamaza. Kesho yake nikala mezani.

Shehe niliyemuuliza alinieleza kwamba mwenye kutarajia kupona hulipa siku zake baadaye, na asiyetarajia hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Mimi nipo katikati, kwa hiyo nalipa kidogo kidogo siku za baridi, daktari akijua, na nikishindwa nalisha. Hadi sasa nimelipa siku 11. Yeyo wangu jirani akiniona sijala huuliza kama ni ule mfungo wa Mungu au ule wa daktari, na jibu ndilo linalomwongoza kama aniletee maziwa.

Mwezi ujao nina kipimo cha damu na picha ya mikono ili ionekane kama mifupa ya vidole imeendelea kulika. Majibu nikiyapata nitayaandika hapa hapa, yawe mazuri au yawe vinginevyo.